Tumetoka Kalemie, tuko Lubumbashi: tubaki kwa baba mdogo au tupange nyumba yetu?

Mwana wa Ziwa aliandika:

Jambo yenu nyote. Mimi ni fundi umeme, nina miaka 27, na mke wangu ana miaka 23. Tulioana Kalemie mwezi wa kwanza mwaka huu, kwa mila na kanisani, na mwezi wa nne tukahamia Lubumbashi kwa sababu nilipata kazi katika karakana moja ya komini (manispaa) ya Kampemba. Tangu tufike tunaishi Ruashi kwa baba mdogo, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Alitupokea kwa moyo wote. Alimtoa mwanawe katika chumba chake ili sisi tupate pa kulala, na hadi leo hajatudai hata faranga moja. Ndani ya nyumba tuko watu 11.

Linalonisumbua ni kwamba mke wangu amekuwa mtu wa kimya. Kule Kalemie alikuwa mshonaji mwenye mashine yake na wateja wake, na jioni alikuwa akishuka ziwani na wenzake kununua ndakala na mikebuka kutoka kwa wavuvi wenyewe. Hapa anaamka, anasaidia kazi za nyumba, anapika katika jiko ambalo si lake chakula ambacho hakukipanga, kisha anakaa kunisubiri. Mashine ya kushonea iko chini ya kitanda ndani ya gunia, kwa kuwa hakuna mahali pa kuiweka. Mama mdogo si mtu mbaya, wala sijamsikia akimsema mke wangu, lakini mke wangu anaogopa kushika hata sufuria bila kuuliza, na nikimwuliza ana nini, hujibu kwamba hana neno.

Wiki iliyopita komisioneri (dalali wa nyumba) mmoja alinionyesha nyumba ya vyumba viwili huko Kalebuka, komini ya Annexe. Kodi ni dola 50 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka garanti (amana ya kodi) ya miezi 6, na komisioneri anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, kwa hiyo jumla ni dola 350. Mshahara wangu ni dola 220, na akiba yetu yote ni dola 380. Tukilipa, tutaingia katika nyumba hiyo na dola 30, bila godoro wala mbabula (jiko la makaa), na mimi nitakuwa nikipanda magari mawili kwenda kazini.

Je, tuhame sasa au tusubiri? Na tukihama, nimwambieje baba mdogo bila kumtia uchungu? Naomba hasa mawazo ya wale walioanza maisha katika mji huu wakiwa wawili tu kama sisi.

Mama wa Katuba alijibu:

Jambo, mdogo wangu. Mimi niliingia Lubumbashi mwaka 2012 nikitoka Kamina, wiki chache tu baada ya ndoa, na tulianzia katika chumba kimoja huko Katuba. Bado niko Katuba, sasa katika nyumba yetu ya tatu, kwa hiyo nitakuambia mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Sasa tuko mwezi wa nane, na katika mwezi wa nane kila nyumba ya Lubumbashi ni nzuri. Udongo umekauka, kuta zimekauka, na bati halijapigwa na tone tangu mwezi wa nne. Mvua itakaporudi, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ndipo nyumba itakaposema ukweli wake. Kwa hiyo usiitazame rangi. Inama uangalie ukuta pale unapokutana na ardhi, kwa sababu maji ya mwaka jana huacha mstari, na ukiona rangi mpya imepakwa sehemu ya chini tu, ujue kuna mstari uliofichwa. Uliza kama matofali yalichomwa au ni ya udongo mbichi. Simama mlangoni ufuate kwa macho njia ambayo maji ya barabarani yatapita, kisha uwaulize majirani wawili ambao hawana faida yoyote katika wewe kupanga pale. Nyumba yetu ya kwanza tuliipenda kwa sababu ilikuwa ya bluu na madirisha yake yalikuwa na vioo. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na mbili tulisimama juu ya kitanda, mimi na mume wangu, tumelibeba gunia la unga kati yetu hadi kulipokucha.

Maji ya kunywa nayo ni jambo kubwa huko pembeni mwa mji, kwa sababu sehemu nyingi za Annexe hazina mabomba na watu hutegemea visima. Kisima kilichojaa mwezi wa nne kinaweza kubaki tope mwezi wa kumi, wakati joto ni kali na mvua bado haijafika, kwa hiyo uliza habari za mwezi wa kumi. Angalia pia choo kiko wapi. Kikiwa karibu na kisima, au kikiwa juu yake kwenye mteremko, achana na nyumba hiyo hata kama kodi ni ndogo. Ninyi mnaotoka Kalemie mnakijua kipindupindu, sina haja ya kuwaeleza.

Kuhusu matumizi, msijifunze kwa kuungua kama sisi. Msinunue unga kwa kopo kila siku. Mahindi huwa na bei ya chini baada ya mavuno, kati ya mwezi wa tano na wa saba, na bei hupanda hadi mwanzo wa mwaka, na mpaka wa Zambia ukibanwa kidogo tu huko Kasumbalesa, soko lote hapa hulisikia siku hiyohiyo. Nunueni gunia la nafaka, mpeleke kusaga kidogokidogo. Kama mmezoea bukari (ugali) ya mihogo, changanyeni unga wa mihogo na wa mahindi, wengi hapa tunafanya hivyo. Makala (makaa ya kupikia) nayo nunueni kabla ya mvua, kwa sababu magari yanayoyaleta kutoka porini hukwama kwenye matope, na gunia ambalo leo mnaliona ghali litawafanya mlikumbuke kwa upendo mwezi wa pili.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hili limewahi kuchukua watu ninaowafahamu. Mwezi wa sita na wa saba mmeona baridi ya huku, si kama joto la ziwani kwenu. Siku mtakapokuwa na chumba chenu, msilale na mbabula yenye makaa ndani ya nyumba, hata kama mnadhani moto umekwisha, hata kama mtoto anatetemeka. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa mekundu haionekani wala hainuki, na mtu aliyelala ndani yake huenda asiamke tena. Nunueni blanketi la pili kabla ya kununua kiti.

Swali langu la mwisho ni dogo. Umetuandikia mambo mengi kuhusu mke wako, lakini sijaona mahali ulipoandika yeye mwenyewe anataka nini.

Karani alijibu:

Ndugu Mwana wa Ziwa, mimi nimefanya kazi kwa muda katika ofisi inayopokea kesi za wapangaji na wenye nyumba, na ninataka kuzungumzia garanti peke yake, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopotezea akiba ya kwanza ya maisha yao.

Nchi yetu ya Kongo ina sheria ya upangaji wa nyumba zisizo za biashara. Ni Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, nayo inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3. Miezi 6 unayodaiwa iko nje ya sheria. Najua kwamba wenye nyumba wengi hudai zaidi na wapangaji hulipa kwa kuogopa kukosa, lakini hilo halikuzuii kuitaja sheria kwa upole. Usiende kwa sauti ya ugomvi. Mwambie mwenye nyumba kwamba uko tayari kutoa miezi 3 mkononi mwake leo, mbele ya shahidi, na kwamba utalipa kodi kila mwezi kwa tarehe mtakayokubaliana. Mwenye nyumba mwenye shida ya pesa za haraka mara nyingi hulegea akiona pesa zipo. Asipolegea, una haki ya kwenda kwenye huduma ya makazi ya komini, ingawa kwa maoni yangu kuanza upangaji kwa kushtakiana ni kuanza vibaya, na heri utafute nyumba nyingine.

Pesa hizo zisipite kabisa mikononi mwa komisioneri. Nimepokea watu watatu kwa siku moja, kila mmoja akiwa na risiti ya nyumba ileile na mlango uleule, na mtu aliyezipokea pesa hakuonekana tena. Mwone mwenye nyumba kwa uso, hakikisha kwa kiongozi wa mtaa kwamba parseli (kiwanja) ni yake kweli, mwandike mkataba, na mwandike ndani yake hali ya milango, vioo, bati na umeme siku mnayoingia, ili siku ya kutoka asikukate garanti kwa kioo kilichovunjika kabla yako.

Jambo jingine nimeliona katika maneno yako: mlioana kwa mila na kanisani. Hukutaja komini. Ndoa ya kimila ni ndoa ya heshima, lakini nendeni mkaiandikishe kwa afisa wa hali ya kiraia mpate cheti, maana mtakihitaji katika mambo mengi, na siku mtoto atakapozaliwa mna siku 90 za kumwandikisha. Tena mkataba wa nyumba uwe na majina yenu wote wawili. Watu wengi bado wanaamini kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kutia saini bila ruhusa ya mumewe. Ruhusa hiyo ilikuwamo katika Sheria ya Familia ya mwaka 1987, nayo iliondolewa katika marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016. Mke wako akitaka kupanga kibanda chake cha kushonea, kubalianeni kwanza ninyi wawili, lakini hahitaji tena ruhusa yako.

Mama Mapacha alijibu:

Jambo yenu. Ninamheshimu yaya (dada mkubwa) wa Katuba, na yote aliyoyasema juu ya kuta na visima ni kweli, lakini mimi nasema msihame sasa.

Niliishi miaka 4 kwa wazazi wa mume wangu katika komini ya Kenya, tukiwa katika chumba kimoja, na mapacha wangu walizaliwa humo. Nililia mara nyingi, sitaficha. Hata hivyo, usiku ambao watoto wote wawili walikuwa na homa, mmoja alikuwa mgongoni kwangu na mwingine alikuwa mgongoni kwa mama mkwe, na mume wangu alikuwa kazini. Ningekuwa Kalebuka peke yangu na mlango wangu mzuri, ningemwita nani?

Piga hesabu, ndugu. Mshahara ni dola 220. Toa 50 za kodi, toa nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi siku 26 za mwezi, toa unga, makala, sabuni, maji ya kununua, na kitu kidogo mnachowatumia wazazi Kalemie, kwa sababu najua mnawatumia. Kitakachobaki hakitanunua godoro kabla ya mvua. Sasa mnaweza kuweka dola 80 kila mwezi bila kujibana sana. Mkingoja hadi mwezi wa nne, mvua itakuwa imekwisha, nyumba zote zitakuwa zimejionyesha zilivyo, na ninyi mtakuwa na pesa za kuchagua badala ya kuchaguliwa.

Kuhusu jiko, naomba nimwambie dada yetu jambo nililochelewa kulijua. Mimi pia nilisimama pembeni nikisubiri kuambiwa, nikidhani hiyo ndiyo adabu, na mama mkwe alinitazama akidhani nina majivuno na sipendi kazi yake. Siku nilipomwambia, “Mama, niachie bukari ya Jumanne na ya Ijumaa, wewe upumzike,” alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa amesubiri neno hilo mwaka mzima. Dada aombe siku zake mbili. Aombe pia pembe moja ya baraza kwa ajili ya mashine. Huenda hakuna aliyemnyima, ila hakuna aliyejua kwamba ndani ya gunia kuna mashine.

Mzee wa Kamalondo alijibu:

Wanangu, nimesoma kwa makini, na ninataka kuzungumza juu ya baba mdogo, kwa sababu wengine wamezungumza juu ya nyumba.

Mji huu ulijengwa na vijana wawiliwawili kama ninyi. Mwanzoni, tangu mwaka 1910, ulikuwa mji wa wanaume waliokuja peke yao kwa mikataba mifupi, wakaugua na kufa kwa wingi, na waliopona wakarudi kwao. Kuanzia mwaka 1928 hivi, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilibadili njia: ikaanza mikataba ya miaka 3, ikataka mfanyakazi aje na mke wake, ikawapa nyumba kambini, posho ya unga kila wiki na zahanati ya mama na mtoto. Haikufanya hivyo kwa huruma. Iliona kwamba mtu mwenye mke na watoto hakimbii, na kwamba ni ghali kumtafuta mwingine. Baba yangu aliletwa kwa njia hiyo kutoka upande wa Kabongo, na mama yangu alinisimulia kwamba alifika kambini akiwa hamjui mtu hata mmoja, wala lugha ya jirani yake. Kiswahili alijifunza bombani, akisubiri ndoo yake ijae. Kambini kulikuwa na mkuu wa kambi wa kutatua ugomvi, na posho ilikuja hata kama mlikosana. Ninyi hamna mkuu wa kambi wala posho. Badala yake mna baba mdogo, na ndiyo sababu namna mtakavyotoka katika nyumba yake ina uzito kuliko tarehe mtakayotoka.

Nimewaona vijana waliotoka vibaya. Walitafuta nyumba kwa siri, wakahamisha vitu mzee akiwa kazini, wakapiga simu jioni kusema tumekwisha kufika. Mzee hakusema neno, lakini siku ya kilio, siku ya ugonjwa, siku ya kumwombea kijana kazi nyingine, mlango ulikuwa mzito. Wewe usifanye hivyo. Kaa naye jioni moja, ninyi wawili peke yenu, kabla hujaahidi pesa kwa mtu yeyote. Usianze na malalamiko, na usimtaje mama mdogo hata kidogo. Mwambie, “Baba, umenifikisha hapa, sasa nifundishe kusimama.” Kisha mwombe aje kuitazama nyumba pamoja nawe na awe shahidi wako kwa mwenye nyumba. Ukifanya hivyo hutakuwa umeondoka kwake, yeye ndiye atakayekuwa amekuweka. Na mwenye nyumba akiona mtu mzima wa Ruashi amesimama nyuma yako, nakuhakikishia kwamba mazungumzo ya garanti yatakwenda kwa sauti nyingine.

Siku ya kuhama, mke wako ampelekee mama mdogo kitenge, au kuku, au chochote mtakachoweza, akipeleke kwa mikono yake mwenyewe. Na popote mtakapokwenda, jirani akipatwa na kilio, nendeni mkakae usiku ule wa kwanza hata kama hamjamjua marehemu. Hapa watu hukujua kwa kilio mapema kuliko kwa sherehe.

Mwana wa Ziwa aliandika tena:

Aksanti sana wazee wangu na dada zangu. Yaya wa Katuba, swali lako lilinipiga. Ni kweli nilimwuliza ana nini, sikumwuliza anataka nini. Jana usiku nilimpa simu asome majibu yote, na ameniomba aandike mwenyewe. Maneno yanayofuata ni yake.

Jambo yenu nyote, ni mimi mkewe. Nimesoma kila neno, na nimeona haya kidogo kuona watu wengi wakihangaika kwa ajili ya kimya changu.

Ni kweli ninaikumbuka mashine yangu na ninawakumbuka wenzangu wa ufukweni. Ila jiko la mama mdogo halinisumbui kama mume wangu anavyodhani. Kinachoniziba mdomo ni yule kijana aliyetuachia chumba. Anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwakani atafanya mtihani wa Taifa. Analala kwenye sebule juu ya mkeka, na kwa kuwa televisheni iko sebuleni na wageni huketi sebuleni, hawezi kulala wala kusoma hadi wa mwisho aondoke. Usiku nikienda uani humkuta amekaa chini ya taa ya baraza na daftari, amejifunika shuka kwa sababu ya baridi, na umeme ukikatika hutumia tochi ya simu. Hajawahi kunitazama vibaya. Ananiita yaya. Masomo yanaanza mwezi wa tisa, na mimi nikifungua mlango wa chumba kile ninaona kama nimeuchukua mtihani wake. Sikumwambia mume wangu kwa sababu niliogopa atadhani ninatafuta njia ya kumtenga na ndugu zake.

Kwa hiyo, mama Mapacha, nakubali hesabu yako yote, lakini siwezi kungoja hadi mwezi wa nne. Na Kalebuka nako sikutaki, kwa sababu nitakuwa nimetoka katika nyumba ya watu 11 na kuingia mahali ambapo sauti ya kwanza nitakayoisikia ni ya mume wangu saa moja usiku.

Leo asubuhi nilifuata maneno yenu. Niliomba bukari ya Jumanne na ya Ijumaa, na mama mdogo akaniuliza kwa nini nimechelewa kuomba. Tukiwa tunachambua sombe (majani ya mihogo) nikamweleza habari za chumba na za mwanawe. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kwenye avenyu yetu hii, nyumba ya tano kutoka kwetu, kuna mjane mwenye chumba kimoja cha uani ambacho mpangaji wake alirudi Likasi. Kina baraza ndogo iliyoezekwa kwa bati, inayotazama barabara. Kodi ni dola 25, na mjane huyo hudai garanti ya miezi 3. Ni chumba kimoja tu, si viwili, na mume wangu alitaka viwili. Lakini mashine itakaa barazani, wapita njia wataiona, na kijana atarudi kwenye chumba chake kabla ya masomo. Mume wangu amekubali kuzungumza na baba mdogo leo jioni, kama mzee wa Kamalondo alivyomfundisha, na bila komisioneri yeyote.

Nina swali moja kwa yaya wa Katuba. Nimeambiwa kwamba kabla ya masomo kuanza, washonaji hapa hupata kazi nyingi za sare. Nimebaki na wiki chache tu. Nianzeje, ikiwa hakuna mtu anayejua kwamba ninashona?

Mama wa Katuba alijibu:

Dada yangu, kumbe ulikuwa na maneno mengi hivi! Nimefurahi hadi nimemsomea mume wangu.

Anza leo, hata kabla ya kuhama. Mshonee kwanza yule kijana shati jeupe na suruali ya bluu ya shule, umpime vizuri, na kola uikaze. Ruashi nzima itaiona siku ya kwanza ya masomo, na kabla ya siku hiyo mama yake atakuwa amekwisha kuionyesha kwa majirani wote. Kitambaa usikinunue kwa mita katika duka la mjini. Nenda soko la Kenya asubuhi, uliza wanaouza kwa roli, na mkiwa washonaji wawili mgawane roli moja. Pokea nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa, kwa sababu kuna wazazi watakaokuachia sare mikononi hadi mwezi wa kumi, na wewe utakuwa umekwisha kulipa kitambaa.

Utakapopata wateja 10 wa kwanza, usiingie kwenye likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) kubwa. Tafuta ya akina mama 5 au 6 wanaoishi avenyu yenu, ambao mlango wa kila mmoja unaujua, na uombe zamu ya katikati. Wa kwanza huonekana ana haraka, na wa mwisho huteseka akiona pesa zake zikizunguka.

Na chumba hicho cha mjane, ingawa umekipenda tayari, inama uangalie chini ya ukuta.

Mwana wa Ziwa aliandika tena:

Ni mimi mkewe tena. Baba mdogo amekubali. Alicheka kusikia habari za ukuta, akasema Jumamosi saa mbili asubuhi tutakwenda wote, yeye atashika mkataba na mimi nitainama. Kijana nimekwisha kumpima.